Umhurumie Jirani, Uihurumie na Nafsi Yako



Mbali na kiti cha kitubio, padre hutembelewa ofisini na watu ambao mzigo wao hauna jina la dhambi. Mama aliyefiwa na mtoto hurudia swali lile lile mwaka baada ya mwaka: kwa nini sikumpeleka hospitali mapema? Kijana aliyeshindwa mtihani hathubutu kumtazama baba yake usoni. Mzee aliyekwisha kuacha pombe bado hawezi kujisamehe yale aliyoitendea familia yake. Wengi wao ni watu wa sala. Huhudhuria Misa, huungama, hufunga. Lakini usiku wakibaki peke yao, hujishtaki kwa maneno makali ambayo wasingemwambia mtu mwingine yeyote.

Watu wa namna hii huwa ninawauliza swali moja: jirani yako angekujia na habari hii hii, ungemwambia nini? Karibu kila mara jibu huwa la upole. Mama angemshika jirani mkono na kumkumbusha kwamba alifanya alichoweza, kwa kadiri ya alivyojua siku ile. Kama neno hilo ni la kweli kwa jirani, kwa nini liwe la uongo linapomhusu yeye mwenyewe?

Neno “kujihurumia” halina sifa njema katika masikio yetu. Tukilisikia, twamfikiria mtu mlegevu, anayejidekeza na kutafuta visingizio. Hofu hiyo ina msingi wake, kwa maana kujidekeza kupo. Anayejidekeza hukana kosa lake, au husema ni la wengine. Anayejihurumia kwa maana ya Kikristo hulitazama kosa au jeraha lake kama lilivyo, bila kulipunguza wala kulikuza, kisha huliweka mikononi mwa Mungu aliye tayari kumponya. Yoshua bin Sira, katika sura ya 30 ya kitabu chake, anamwonya msomaji asijitoe kwa huzuni wala asijitese kwa mawazo yake mwenyewe, na anamtaka auliwaze moyo wake. Huo ni ushauri wa Maandiko Matakatifu, wala hauna udhaifu ndani yake. Nayo amri ya kumpenda jirani inatupa kipimo cha upendo huo: ni ule tulio nao kwa nafsi zetu. Mwenye kipimo kibovu nyumbani atampimiaje jirani yake kwa haki?

Tutazame Mungu mwenyewe alivyomtendea mtu aliyelemewa. Katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, nabii Eliya, ambaye muda mfupi kabla alikuwa shujaa wa mlima Karmeli, anakimbia vitisho vya malkia Yezebeli. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtwae, kwa kuwa amechoka kuishi. Tungetazamia karipio: nabii mzima, aliyeona moto ukishuka kutoka mbinguni, amekosaje imani? Karipio halikuja. Eliya alilala usingizi. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika alipomwamsha mara ya pili, alimtaka ale kwa sababu safari iliyo mbele ilikuwa ndefu kupita nguvu zake.

Tuuangalie mpangilio huo. Kwanza ulikuja usingizi, kisha chakula, kisha usingizi tena na chakula tena. Baada ya mwendo wa siku 40 hadi Horebu, Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini pale, akamwachia nafasi ya kumimina uchungu wake wote. Mwisho kabisa akampa kazi mpya, akamjulisha kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani: watu 7,000 katika Israeli walikuwa bado waaminifu. Sisi mara nyingi huugeuza mpangilio huo. Mtu aliyelemewa humkabidhi majukumu kwanza, kisha lawama, na chakula na usingizi tukavisahau kabisa. Nasi wenyewe tunajitendea vivyo hivyo. Mwenye huzuni nzito aanze pale alipoanza Eliya: ale hata kidogo, alale, aoge, atoke nje akapate jua la asubuhi. Hayo nayo ni utii kwa Mungu aliyetuumba na mwili.

Kanisa lina mwalimu mkubwa wa upole huu, Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyeishi kati ya mwaka 1567 na 1622 na kuwa Askofu wa Geneva. Alipokuwa mwanafunzi mjini Paris, mnamo 1586 hadi 1587, alishikwa na hofu kubwa kwamba huenda Mungu amekwisha kumkataa milele. Kwa majuma kadhaa hofu hiyo ilimtesa hata afya yake ikadhoofika. Aliokoka kwa kujikabidhi: aliamua kwamba, lolote litakalompata, walau katika maisha haya atampenda Mungu. Akisali mbele ya sanamu ya Bikira Maria katika kanisa moja mjini humo, akapata amani. Mtu huyo, aliyejua kukata tamaa kuna sura gani, aliandika kitabu cha mafundisho ya maisha ya ibada kilichochapwa mwaka 1609, na ndani yake kuna sura nzima inayohusu upole kwa nafsi zetu wenyewe.

Hoja yake ni rahisi, nayo ni ya kina. Wapo watu, asema, wanaokasirika, halafu wanakasirika kwa sababu wamekasirika, na hivyo ghadhabu inazaa ghadhabu. Hasira dhidi ya nafsi haiponyi kosa. Mara nyingi inatoka katika kiburi kinachoumia kwa kugundua kwamba sisi si wakamilifu kama tulivyodhani. Baba anayemwonya mtoto kwa utulivu humfikia moyoni kuliko yule anayefoka. Vivyo hivyo, moyo ulioanguka tuuinue kwa huruma, tuukumbushe rehema ya Mungu, na kuirudia njia kwa unyenyekevu.

Hapo tunaona tofauti kati ya toba na kujitesa. Usiku wa mateso ya Bwana, wanafunzi wawili walianguka vibaya, na wote wawili walijuta. Yuda alirudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri wazi kwamba ametenda dhambi. Lakini aliowakiria hawakuwa na huruma; walimjibu kwamba jambo hilo haliwahusu. Akaenda zake peke yake na uchungu wake. Petro alilia kwa uchungu, lakini alibaki karibu na ndugu zake, na kando ya ziwa Bwana mfufuka akamwandalia samaki na mkate kabla ya kumwuliza juu ya upendo wake. Mara nyingi nimejiuliza: ni wangapi kati yetu hukutana na mtu anayejuta, tukamjibu kama walivyojibu wale wazee wa hekalu?

Hilo linatuleta kwa jirani. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vema sana: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa. Waliharibu walipofungua vinywa na kutaka kumweleza kwa nini anateseka. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anawakasirikia.

Nami niliwahi kuwa mmoja wao. Katika miaka yangu ya kwanza ya upadre nilimwambia mama aliyefiwa na mtoto asilie, kwa kuwa hayo ni mapenzi ya Mungu. Alinyamaza, nami nikadhani nimemfariji. Miezi mingi baadaye aliniambia kwamba tangu siku ile alishindwa kusali, kwa sababu hakuweza kuzungumza na Mungu anayetaka watoto wafe. Nilimwomba msamaha. Tangu hapo, nikifika msibani huketi kwanza. Neno “pole”, likisemwa na mtu asiye na haraka ya kuondoka, lina uzito kuliko mahubiri. Yesu mwenyewe, ingawa alijua atamfufua Lazaro, alilia.

Kuwafariji wenye uchungu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kiroho. Jumuiya zetu ndogo ndogo ndipo mahali pake pa kwanza. Zisiishie kusoma masomo ya Jumapili na kukusanya michango; ziulize pia: nani hatukumwona majuma mawili haya? Anayemtembelea asiende na majibu. Aende na unga, au sabuni, au muda wa kusikiliza, na yale atakayoyasikia yabaki moyoni mwake. Siri ikivuja mara moja, mlango wa mwenye huzuni hufungwa.

Kwa nafsi yako, fanya zoezi hili kila jioni unapotafiti dhamiri. Kabla ya kuhesabu makosa, mshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo. Kisha litaje kosa kwa jina lake, mara moja, bila kujitukana. Omba msamaha, kama ni dhambi nzito, azimia kuiungama. Dhambi iliyokwisha kuondolewa katika Sakramenti ya Upatanisho usiirudie kama vile Mungu hakuisikia. Na kama linalokuuma si dhambi bali ni msiba au udhaifu, usilipeleke mbele ya Mungu kama mshtakiwa. Lipeleke kama mgonjwa aendaye kwa tabibu.

Tukumbuke pia kwamba sonona ni ugonjwa, wala si upungufu wa imani. Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, na yaliyokuwa yakikufurahisha yasikufurahishe tena, nenda hospitali kama ambavyo ungekwenda kwa malaria. Sala na dawa havigombani. Na mwenzetu akisema hataki kuishi, tusimkemee wala tusimwache peke yake; tumsikilize, tumsindikize kwa mganga siku hiyo hiyo. Kwa familia zilizompoteza mpendwa kwa kujiua, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba maradhi makubwa ya nafsi na hofu nzito vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa linamwombea. Basi majirani tuache kunong’ona, tuombe pamoja na wafiwa.

Mwanzoni mwa kila Misa tunamwomba Bwana huruma, na katika ombi hilo tunatumia wingi: atuhurumie sisi. Katika neno hilo “sisi” yumo jirani aliyeketi nyuma yako, ambaye hujui usiku wake ulikuwaje. Na wewe umo. Jumapili ijayo, unapolitamka, usijiache nje.