Mlevi asifungiwe chumbani

Katika familia zetu wamo vijana wenye kipaji cha kuandika walioishia kwenye vibarua mjini Mbeya: leo kupakia magunia, kesho ulinzi, ujira wote kilabuni kwenye komoni. Wakirudi Iringa wanakutana na msimu wa ulanzi. Tusiwafungie ndani ili waache ghafla. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa hutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku 2 mgonjwa aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 huweza kuchanganyikiwa na kuona yasiyokuwapo. Hali hiyo yaweza kuua. Tumpeleke hospitali mapema, apewe dawa na vitamini B1 chini ya uangalizi. Akipata nafuu, tumtafutie kazi mbali na kilabu.