Je, Wajua? Madini Ndani ya Ekzosi

Je, wajua kwamba gari la petroli la siku hizi hutoka kiwandani likiwa na platinamu, paladiamu na rodiamu chini ya tumbo lake? Madini hayo yamepakwa ndani ya masega, yaani kipande cha kauri chenye vijitundu kama vya nyuki, kilichofungiwa kwenye bomba la ekzosi. Moshi ukipita humo, kabonimonoksaidi (ile inayoua waliolala na jiko la mkaa chumbani) hugeuka kabondayoksaidi. Petroli isiyoungua humalizikia hapo hapo, na oksidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Madini yenyewe hayaungui wala hayaliki. Fundi anayekuhimiza uyatoe ili “gari lipumue” huenda anajua bei ya rodiamu kuliko wewe.

Je, wajua kwamba gari huchafua hewa zaidi linapowashwa asubuhi? Masega ya baridi hayana kazi. Huamka yakifika nyuzijoto 250 hadi 300 hivi. Ukiliwasha kwenda duka la jirani, utafika kabla hayajaamka.

Je, wajua adui mkubwa wa masega alikuwa petroli yenyewe? Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry, aliyehamia Marekani, alishtushwa na ukungu wa moshi wa Los Angeles akabuni kifaa hiki miaka ya 1950. Lakini petroli ya wakati huo ilitiwa risasi, nayo iliyafunika madini yakafa. Houdry alifariki mwaka 1962. Masega yalienea kwenye magari ya Marekani kuanzia mwaka 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006.

Je, wajua gari lako lina mkaa? Umo kwenye kopo dogo linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Injini ikiwaka, huuvuta mvuke huo na kuuchoma. Harufu inayodakwa humo ni pesa yako.

Na je, wajua lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji? Hidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Ekzosi ikidondosha matone asubuhi, na maji ya rejeta hayapungui, usimkimbilie fundi.