Ukungu au Moshi?

Asubuhi moja ya Julai, katika somo la insha hapa Kampala, mwanafunzi wetu aliandika kwamba "ukungu mzito umetanda mjini". Tulimwuliza: ni ukungu kweli? Sarufi haikutusaidia. Ukungu huu umetanda, moshi huu umetanda. Upatanisho ni ule ule. Ilitubidi tuchungulie dirishani.

Ukungu ni matone ya maji, na jua likipanda hutoweka. Kinachobaki saa nne ni masizi ya mkaa na kuni, moshi wa magari makuukuu na bodaboda, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, na vumbi la barabara zisizo na lami. Wengi wetu hulaumu viwanda kwanza. Sisi tunaona jiko la mkaa limesamehewa mno, labda kwa sababu chakula chake ni kitamu.

Tena upepo haujui mipaka. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, moshi wa mioto ya nyika kusini mwa Kongo, Angola na Zambia husafiri mbali sana. Hata kituo cha kupima hewa kilicho juu ya mlima Mugogo nchini Rwanda huona masizi yakiongezeka msimu huo.

Hatari kubwa imo katika chembechembe zisizozidi mikrometa 2.5, ambazo ni nyembamba kuliko unywele mara thelathini hivi. Hizo hupita kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huchochea pumu, nimonia kwa watoto, kiharusi na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani, husababisha vifo milioni 7 hivi kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo.

Hatua zipo. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, hutengeneza vipima hewa vya bei nafuu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda.

Nasi walimu tuna la kwetu: darasa linalotazama barabara, tulifunge wanafunzi wakose hewa, au tulifungue wakohoe? Kwa sasa tunafungua madirisha saa tano, msongamano wa magari ukipungua. Yule mwanafunzi alifuta "ukungu", akaandika "moshi". Maneno mengine aliyaacha kama yalivyokuwa.