Goti Lililopasuliwa na Subira ya Miezi 9

Mfupa wa paja na muundi hushikamanishwa gotini kwa kano kuu nne. Moja, iitwayo kano mtambuka ya mbele, huuzuia muundi usiteleze kwenda mbele. Ikikatika, kama iwapatavyo wacheza kandanda wengi, tabibu aweza kupandikiza mahali pake kano nyingine, aghalabu iliyotwaliwa nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba kano hiyo haibaki na nguvu zile zile. Kwa kuwa imetengwa na mishipa yake ya damu, seli zake nyingi hufa. Kisha mishipa na seli mpya huipenya na kuijenga upya. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo huwa dhaifu kuliko siku ilipopandikizwa. Hatari iko hapo, kwani wakati huo huo maumivu hupungua na mgonjwa hujiona amepona.

Mazoezi basi hayana budi kufuata hatua: kwanza kulinyoosha goti, kupunguza uvimbe na kuuamsha msuli wa mbele ya paja, ambao uvimbe huuzubaisha, kisha baiskeli, baadaye mbio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Norway ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9, ulipunguza majeraha mapya kwa kadiri ya nusu.

Hata hivyo kalenda peke yake haitoshi. Msuli huo nao upimwe, ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake wa mguu mzima.