Maji ya Kinyonga Yaende Wapi?

Ukiingia duka la wanyama wa kufugwa huko Marekani ukasema unataka kinyonga, utatolewa kizimba cha wavu, taa ya joto, taa ya miale ya UVB, matawi ya plastiki na kifaa cha kunyunyizia maji. Vya kuingizia maji vimejaa rafuni. Cha kuyatolea ni nadra kukiona, na muuzaji hakitaji mpaka uulize. Matokeo yake ni zulia linalonuka chini ya kizimba, na kwa mpangaji zulia lile ni sehemu ya amana aliyomlipa mwenye nyumba. Ushauri wangu ni kwamba fedha ya kutoa maji itengwe kabla ya fedha ya kuyaingiza, hata kama maana yake ni kuanza na chupa ya kupulizia kwa mkono.

Bei nitakazotaja ni za kukadiria, kwa dola ya Marekani, bila kodi ya mauzo. Ni za huko kwa sababu huko ndiko kinyonga huuzwa dukani, wengi wakiwa wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Msomaji wa Arusha au Nyeri anayemwona kinyonga kwenye ua wake amwache hapo hapo: kumfungia bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa kisheria.

Kisa cha maji yote haya ni namna mnyama mwenyewe anavyokunywa. Hulamba matone yaliyoning'inia kwenye majani. Maji yaliyotulia bakulini kwa kawaida hayatambui kuwa ni ya kunywa. Kwa hiyo huna budi kulowesha majani, na kinacholowesha majani huteremka. Kikituama chini pamoja na kinyesi na nyenje wa chakula waliokufa, bakteria na kuvu huzaana, inzi wadogo wa udongo hujaa chumbani, na kinyonga anayevuta hewa hiyo siku nenda siku rudi yumo hatarini kupata maambukizi ya mapafu.

Gharama ya kwanza ya utoaji maji, basi, ni aina ya kinyonga utakayemchagua. Anayeuzwa zaidi ni kinyonga wa Yemen, ambaye kwao ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Huyu ni mvumilivu kwa ukame. Yupo kinyonga chui wa Madagaska, anayependwa kwa rangi zake. Na yupo kinyonga wa Jackson, ambaye dume lake lina pembe tatu, wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huyu jamaa yetu anataka usiku wa baridi na unyevu mwingi, kwa hiyo ndiye atakayekujazia ndoo upesi. Mwaka 1972 baadhi yao walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa mwenye duka la wanyama huko Kaneohe. Aliwaachia bustanini wapate nafuu ya safari, wakatawanyika, na hadi leo wamo porini visiwani humo. Huko hakuna aliyewanunulia trei. Mvua iliingia ardhini. Ndani ya ghorofa ya tatu ardhi hakuna, bali dari ya jirani.

Gharama ya pili ni ratiba. Wafugaji wengi hunyunyizia mchana kutwa kwa hofu ya kumwona mnyama anakauka. Petr Nečas, mtaalamu wa vinyonga kutoka Ucheki, kwa miaka mingi amesisitiza kuiga hali ya porini: unyevu mwingi usiku wakati hewa imepoa, umande alfajiri, kisha majani yakauke mchana. Nakubaliana naye hata kwa sababu za mfuko peke yake. Maji kidogo yanayowekwa saa yake humnywesha kinyonga vizuri, na trei ya chini hupata muda wa kukauka.

Kabla ya kununua chochote cha kutolea maji, pima. Jaza tangi la kifaa chako hadi alama, nyunyizia kama utakavyofanya kila siku, kisha rudishia maji kwa jagi lenye vipimo. Ukiona umerudishia lita moja kwa siku, hiyo ni lita saba kwa juma, na ndoo ya lita 20 itajaa kabla ya majuma matatu. Sehemu ya maji hayo itapotea hewani na nyingine itanywewa na mimea, lakini nunua chombo kwa hesabu ya yote.

Sasa njia zenyewe. Wengi huanza na karatasi za jikoni zilizotandikwa sakafuni mwa kizimba. Sifa yake ni kwamba unaona kila kitu: kinyesi kikiwa laini kupita kawaida, au ile sehemu nyeupe ya mkojo ikigeuka ya rangi ya chungwa, dalili kwamba mnyama hana maji ya kutosha, utaiona siku hiyo hiyo. Kwa kinyonga mgeni aliyeletwa juzi, au mgonjwa, sijui sakafu iliyo bora kuliko hii. Ila piga hesabu. Roli mbili kwa juma, kila moja dola moja na nusu, ni roli 104 na dola 156 kwa mwaka. Juu yake weka kazi ya kubadilisha kila siku, maana karatasi iliyolowa ikilala siku mbili ni kitalu cha kuvu. Njia inayoonekana ya bure ndiyo inayokamua zaidi, kwa kuwa inakamua polepole.

Inayofuata ni kutoboa. Sakafu ya vizimba vingi vya wavu ni ubao mwepesi wa plastiki, na drili ya kawaida huupenya bila taabu. Mashimo machache ya milimita sita, beseni la plastiki chini yake, matofali manne ya kuinulia kizimba: dola 15 hadi 30, hata pungufu kama beseni unalo. Kosa hutokea kwenye mahali pa kutoboa. Watu hutoboa pembeni, kisha uzito wa vyungu vya mimea huupinda ubao katikati na maji hukusanyika pasipo na shimo. Panga vyungu kwanza, mimina jagi la maji, tazama yanakokimbilia, ndipo utoboe hapo. Beseni nalo liwe pana kuliko kizimba, kwa sababu mnyunyizo hupenya wavu na kuteremka ukutani kwa nje. Upande ulioelekea ukuta wa nyumba utundikwe karatasi ya plastiki, la sivyo rangi ya ukuta itaanza kubambuka.

Ninayoipendelea mimi haipo duka la wanyama. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, sehemu ya mafundi bomba, uombe trei ya plastiki inayowekwa chini ya mashine ya kufulia au chini ya tangi la maji ya moto. Imetengenezwa kwa ajili ya kuvuja: ina kingo, ina tundu, na mara nyingi huja na kiungio cha kuunga bomba. Ya duara ni takriban dola 20 hadi 35. Ya mstatili, inayomeza kizimba cha sentimita 60 kwa 60 na nafasi ikabaki, huzidi kidogo. Unainua upande mmoja kwa kipande cha ubao cha sentimita moja, unafunika tundu kwa wavu mdogo ili majani yasizibe na nyenje wasitoroke, unaunga mpira unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye ndoo yenye mfuniko. Mpira ukilegea na kufanya tumbo, maji yatalala humo na kuoza. Mfuniko ni kwa ajili ya mbu na harufu. Kwa jumla, pamoja na mpira na ndoo, utatumia kati ya dola 40 na 60, mara moja, na kazi inayobaki ni kumwaga ndoo kila juma.

Trei zinazouzwa na watengeneza vizimba ni nzuri, zinakaa sawasawa na kizimba, na bei yake mara nyingi huvuka dola 60, nyingine 100. Unalipia sura. Kama kizimba kipo sebuleni na wageni wanaingia, lipa tu.

Halafu kuna sakafu hai, inayosifiwa sana siku hizi: chini kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma, juu yake kitambaa cha wavu, kisha udongo wenye mboji na gome la miti, majani makavu, na wadudu wadogo wanaokula uozo. Ikifanikiwa inapendeza, mimea inastawi, na kinyesi kidogo huliwa kabla hujakiona. Lakini angalia mzani. Kizimba cha sentimita 60 kwa 60 chenye udongo wa kina cha sentimita 10 kinabeba lita 36 za udongo; ukishalowa, unakaribia kilo 40 bila kokoto. Sakafu ya kizimba cha wavu haikuundwa kwa mzigo huo, hivyo utahitaji trei imara na meza imara chini yake. Hesabu dola 100 hadi 200 kwa vitu vyote. Na bado kokoto zile hazifuti maji. Zinayahifadhi tu mahali usipopaona. Bila tundu chini au mpira wa kunyonyea, zitajaa, mizizi itaoza, na siku utakapofukua utajua kwa pua. Kinyonga aliyekomaa naye hutoa kinyesi kikubwa kuliko wadudu wale wanavyokimudu, kwa hiyo kijiko cha kuzolea bado ni cha kila siku. Mfugaji wa mwaka wa kwanza simshauri njia hii, labda awe na jike.

Maana jike ni jambo jingine. Jike wa Yemen hutaga hata asipomwona dume, na akikosa pa kuchimba anaweza kuzuia mayai tumboni hadi akafa. Anahitaji mchanga na udongo wenye unyevu wa kushikana, kina cha sentimita 30 hivi. Debe la plastiki la dola 10 lililojazwa udongo na kuwekwa ndani ya kizimba linatosha, mradi maji ya mnyunyizo yasilijaze likawa tope. Jackson hana shida hii. Yeye huzaa watoto hai.

Wanaoishi kwenye baridi kali, Minnesota au Toronto, watasikia watu wakipendekeza kizimba cha kioo. Hoja ina uzito: mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa wakati wa baridi, kioo hutunza unyevu, na utanyunyizia kidogo. Chagua chenye matundu ya hewa chini mbele na wavu juu, hewa izunguke. Lakini kioo kilichoimarishwa usikitoboe, kitapasuka chote vipande vipande. Uliza kabla ya kulipa kama sakafu ni ya aina hiyo. Njia inayobaki ni kufyonza maji kwa mpira au kwa mashine ndogo ya kufyonza vumbi na maji, dola 30 hadi 50. Mashine hiyo, kwa maoni yangu, ina faida hata kwa mwenye kizimba cha wavu: dakika mbili na sakafu ni kavu.

Maji unayotumia nayo yana bili yake. Maji magumu ya bomba huacha chokaa nyeupe kwenye majani na kuziba midomo ya kunyunyizia. Galoni mbili kwa juma za maji yaliyokeneshwa, kwa dola moja na senti 30 kila moja, ni kama dola 135 kwa mwaka. Kichujio kidogo wanachotumia wenye matangi ya samaki hupatikana kwa takriban nusu ya hapo. Chokaa iliyokwisha kukaa hutolewa kwa siki, ambayo ni senti tu.

Siki hiyo usiichanganye kamwe na jiki. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, nawe umeinamia kizimba. Kwa kuua vijidudu, jiki sehemu moja kwa maji sehemu kumi inatosha: ondoa mnyama, sugua uchafu kwanza kwa sabuni, paka, subiri dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe, anika. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi. Kila siku zoa kinyesi na nyenje waliobaki, kwa sababu nyenje wenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala. Mashine ya mvuke baridi, kama unayo, isafishwe kila juma. Tangi lake likichafuka linapuliza bakteria moja kwa moja puani mwa mnyama.

Na ndoo usiimwage kwenye sinki la jikoni, wala usioshee trei humo. Reptilia hubeba salmonella bila kuugua, na mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye huumia zaidi. Choo kinafaa, au bustani isiyo ya mboga.

Kwa mpangaji mwenye dume wa Yemen, ningenunua kizimba cha wavu cha mitumba, trei ya mashine ya kufulia, chupa ya kupulizia ya dola 15, na ningeahirisha mtambo wa kunyunyizia unaojiendesha wa dola 150 hadi mwaka upite. Mitumba hupatikana tele, kwani watu huchoka upesi. Ukienda kukitazama, pindua kizimba. Ubao wa chini uliopinda hubadilishwa kwa fedha kidogo, fremu iliyoota kutu kwenye pembe haifai kurekebishwa, na kama muuzaji hakumbuki maji yalikuwa yanatokea wapi, punguza bei unayotaka kumpa, kisha kioshe kwa jiki kabla hakijaingia ndani ya nyumba yako.