"Nimeshamzoea!" Kwa nini tunang'ang'ania tulichonacho?

Hebu jibu haraka, shosti. Kabatini kwako kuna nguo ngapi ambazo hujazivaa tangu mwaka juzi, lakini mdogo wako akiiomba hata moja tu unajisikia kama unaporwa? Usione aibu, tuko wengi. Wasomi wanaochunguza jinsi binadamu anavyofanya maamuzi wameifuatilia sana tabia hii, na utafiti mmoja mtamu ulifanyika huku huku kwetu katikati ya nchi, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, jirani na Singida.

Kwanza tuanze na ya Wazungu. Mwaka 1989 Jack Knetsch, mchumi aliyekuwa akifundisha Kanada, alichapisha jaribio lake la kuwagawia wanafunzi zawadi. Kundi moja lilipewa vikombe, lingine chokoleti, kisha wakaambiwa ruksa kubadilisha. Karibu 9 kati ya 10 waligoma, wa kikombe na kikombe chake, wa chokoleti na chokoleti yake! Ajabu ni kwamba kundi la tatu, lililoachiwa lichague lenyewe tangu mwanzo, liligawanyika karibu nusu kwa nusu. Yaani kitu kikishaingia mkononi tu, kinapanda thamani. Richard Thaler wa Marekani, ambaye alianza kuieleza tabia hii mwaka 1980, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017.

Basi watu wakadhani tumezaliwa hivyo wote. Coren Apicella na wenzake wakaenda kuwajaribu Wahadzabe, ndugu zetu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Waliwagawia biskuti na viberiti vya gesi, halafu swali likawa lile lile: unabadilisha au hubadilishi? Matokeo yalitoka mwaka 2014. Wale wanaokaa karibu na Mangola, penye watalii na biashara, waliobadilisha walikuwa kama robo tu. Wale wa ndani porini walibadilisha karibu nusu, bila kinyongo. Kumbuka kule porini mtu akiua mnyama, nyama ni ya kambi nzima, na akiombwa kitu anatoa. Kwa hiyo inaelekea hii "changu ni changu" tumejifunza sokoni, hatukuzaliwa nayo.

(Wana Dodoma wenzangu mnacheka? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973. Watu wakaizoea Dar mpaka Rais Magufuli alipoamuru wafungashe mwaka 2016. Pesa nazo zilikuwa tatizo, sawa, lakini mazoea nayo yana kesi ya kujibu.)

Sasa tuje kwenye mapenzi, maana najua ndicho ulichokuwa unasubiri.

Nina rafiki yangu hapa Area C, ana miaka sita na kaka mmoja. Posa hakuna, mshenga hakuna, ahadi tele. Ukimuuliza kwa nini bado yupo, jibu ni moja: "Nimeshamzoea, nitaanzaje upya?" Nikamwambia, hebu fikiria leo huna mtu kabisa. Unakutana na huyu huyu Nyerere Square, unajua yote unayoyajua kuhusu yeye. Ungempa namba yako?

Alikaa kimya muda mrefu. Nami sikumsaidia kujibu.

Naomba nieleweke. Biskuti si mume. Miaka sita ya kuuguzana, kukopeshana na kuzikana inajenga kitu ambacho hakimo kwenye chokoleti, na mwanamke anayebaki kwa sababu hiyo ana haki zake zote. Ninachokipinga ni kubaki kwa sababu tu alikuwepo jana. Ndiyo maana nalipenda swali hili: linakuvua umiliki kwa dakika moja, unamtazama mtu kama alivyo. Jaribu na kazi unayoilalamikia kila Jumatatu, jaribu na kiwanja ulichokataa kukiuza. Ukikuta jibu ni "ndiyo, ningechagua hiki hiki", lala usingizi wako.

Rafiki yangu alijibu baada ya wiki mbili. Alisema angempa namba, ila asingemsubiri miaka sita. Akampigia simu siku hiyo hiyo, akampa mpaka Pasaka alete washenga kwao Kondoa. Kaka amesema amesikia. Mama mtu ameshaanza kutafuta mbuzi.