Maji ya Jakuzi na Nguvu ya Klorini

Jakuzi, yaani beseni kubwa la maji moto ambalo pampu yake husukuma maji na hewa kwa kasi kupitia vitundu vya pembeni, hudhaniwa kuwa bwawa dogo la kuogelea, ilhali la nyumbani hubeba takriban lita 1,500 tu, zenye joto la nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi, na watu wanne wakikaa humo kwa nusu saa huacha jasho, mafuta ya ngozi na mabaki ya sabuni ambayo katika bwawa la umma yangetawanyika ndani ya maelfu kwa maelfu ya lita. Joto hilohilo linalolegeza misuli ndilo linaloifanya dawa ya kuua vijidudu ipungue upesi na bakteria wazaane.

Dawa inayotumika zaidi ni klorini, ambayo ikiingia majini huzalisha asidi ya haipoklorasi, na hiyo ndiyo muuaji halisi wa vijidudu. Lakini sehemu ya asidi hiyo hugeuka kuwa haipokloraiti, ambayo ni dhaifu mno, na kinachoamua uwiano wa hizo mbili ni pH, kipimo kinachoonyesha maji yameelemea kwenye asidi au kwenye besi kwa kiasi gani. pH ikiwa karibu na 7.5, takriban nusu ya klorini huwa katika umbo lenye nguvu. Ikifika 8, hubaki robo au pungufu. Ndiyo maana mwenye jakuzi anaweza kuongeza dawa kila siku na maji yakabaki machafu, kwa sababu alichokosa si klorini bali kipimo. Harufu kali inayowasha macho, ambayo wengi huichukulia kuwa dalili ya klorini kuzidi, kwa kawaida hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Inafaa pH idumishwe kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru, ile ambayo bado haijashikana na uchafu, isipungue miligramu 3 kwa lita. Kwa kuwa mapovu hufukuza kaboni dayoksaidi majini na hivyo kupandisha pH, hurekebishwa kwanza ualikali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, ufikie miligramu 80 hadi 120 kwa lita, kisha pH yenyewe, na klorini hufuata mwisho. Asidi na klorini zisichanganywe kamwe nje ya maji, kwani hutoa gesi ya sumu. Maji ya visima vya pwani, yanayopita katika miamba ya matumbawe, huwa na kalisi nyingi, nayo hujenga kwenye kipasha joto ukoko mweupe kama ule wa birika.

Hatari iliyofichika zaidi imo ndani ya mabomba, ambako bakteria hujenga utando wa utelezi unaowakinga dhidi ya dawa. Miongoni mwao ni Legionella, anayesababisha homa kali ya mapafu na anayeingia mwilini kwa kuvuta mvuke wenye matone madogo. Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa maonyesho tu lilieneza ugonjwa huo, na watu wasiopungua 30 wakafariki, wengi wao wakiwa wamepita tu karibu nalo.

Kwa hiyo maji yabadilishwe yote kila baada ya miezi mitatu hivi, mabomba yasafishwe kwa dawa ya kuondoa utando kabla ya kumwaga, na chujio lioshwe mara kwa mara. Jakuzi ambalo halijapimwa siku hiyo lisiingiwe na mtu, hata kama maji yake yanang'aa.